Waya Mweusi wa Boti ya Bwana Sefu

Vijana wangu wa gereji, siku mliponiaga mliniomba niandike niliyoyaona kazini, na mimi kwa furaha ya keki nikakubali bila kufikiri. Sasa nimekaa hapa nyumbani Utemini, daftari mezani, miwani puani, na sijui nianze na gari gani. Ya mishahara na vyeo nayaruka. Mishahara haikuwa na cha kusimulia, na cheo pekee nilichokitaka maishani ni kuitwa fundi, nacho nilikipata nikiwa nimesimama ndani ya maji hadi magotini. Nitafika huko, msinikimbize.

Nilianzia karakana ya serikali, msichana peke yangu kati ya wanaume kumi na kitu. Siku ya kwanza niliambiwa nitoe betri kwenye Land Rover. Nikaanza kufungua kichwa cha chanya, spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, na spana ikang'ang'ania pale kama imechomelewa. Nilitupa mikono juu nikasalimu amri. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye pipa la oili chafu, na suruali yake haikupona. Tangu siku hiyo naanza na hasi. Nyote nimewapigia kelele hizo, na sasa mnajua zilitoka wapi.

Aliyekuja kuitoa ile spana alikuwa Fundi Ntandu, mkuu wa umeme pale, Mnyaturu mrefu mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya ovaroli, jua liwake mvua inyeshe. Hakucheka. Aliigonga spana kwa mpini wa nyundo, ikaanguka, akanipa mkononi ikiwa bado ya moto, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya usalama kazini.

Mjue kwamba miaka ile vitu havikuwepo. Ninyi mkitaka waya mnavuka barabara kwenda dukani. Sisi tulivua waya kwenye magari yaliyokufa, tukaunga vipande, ukakuta waya mmoja una rangi tano na tepu saba. Ndiyo maana Fundi Ntandu alikuwa na somo moja alilolifundisha kila asubuhi, kama sala. Kwenye gari, umeme ukishamaliza kazi yake unatakiwa urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ni bodi ya gari yenyewe, kwa sababu bodi ni chuma. Kwa hiyo unavuta waya mmoja tu wa kwenda, na ule wa kurudi unaufunga kwenye chuma chochote cha karibu, safi, basi. Anayevuta waya wa pili mpaka kwenye betri alikuwa mfujaji, na Fundi Ntandu alimtazama kama mtu anayemwaga mafuta ya kupikia.

"Yunisi," angeniuliza, "bodi ni nini?"

"Waya wa bure, Fundi."

"Haya, endelea na kazi."

Kisha mambo yakafunguliwa. Sijui niwaelezeje ninyi mliozaliwa maduka yamejaa. Nilisimama katika duka moja la mjini mbele ya dawa za meno za aina tatu, nikashindwa kuchagua, nikatoka nikicheka peke yangu kama mwehu. Redio, baiskeli, mitumba, taa za magari zikiwa bado ndani ya maboksi yake. Tulikuwa tunakwenda madukani kutazama tu, kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga.

Lakini upepo huo huo ukapita karakana ya serikali, watu wakapunguzwa. Fundi Ntandu aliondoka mwenyewe kabla hajaambiwa, akafungua gereji yake hapa Utemini, mabati manne na nguzo sita. Mimi niliondoka kwa kuambiwa. Nikamfuata na kisanduku changu: bisibisi mbili, koleo, testa, na mita niliyoipenda kuliko mchumba niliyekuwa naye.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Najua umekuja kufanya nini." Alikitazama kisanduku, akanitazama mimi. "Nikueleze ukweli, Yunisi. Wateja hawajazoea mwanamke kwenye umeme wa magari. Nitakujaribu kwa kazi moja, uifanye mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Ikienda, umebaki. Isipokwenda, unarudi kwenu Misigiri kulima alizeti."

Alizeti naipenda sana ikiwa imeshaingia kwenye chupa. Shambani hatuelewani. Nikamwambia nimekubali, nikaketi kusubiri kazi yangu moja.

Ikaja imepanda lori.

Bwana Sefu mtakuwa mmemsikia kwa wazazi wenu. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, babu yake alitoka pwani, yeye amezaliwa Singida na bahari ameiona mara mbili, tena kwa mbali. Lakini siku mambo yalipofunguliwa damu ya babu ilimwamka. Akaenda Mwanza akanunua boti ya mbao, iliyokwishatumika, na mashine ya kuning'iniza nyuma. Mpango wake ulikuwa kuvusha watu Ziwa Kitangiri, kwa kuwa wakati wa mvua watu wa ng'ambo walikuwa wanazunguka siku nzima ili kufika mnadani upande wetu wa Iramba. Mpango mzuri. Ila lori lake lilipoingia Singida gia boksi ikafa, likakokotwa mpaka gereji kwetu na boti ikiwa mgongoni.

Mwezi mzima tukasubiri gia boksi. Hapakuwa na winchi ya kuishusha boti, ikabaki juu ya lori, katikati ya Utemini, inang'aa rangi ya samawati juani. Watu walitoka mitaa yote kuja kuitazama. Bibi mmoja alituuliza kwa adabu kabisa kama redio imetangaza gharika.

Siku moja Bwana Sefu akaja amekumbatia boksi kifuani. Alikuwa ametoka nalo Dar es Salaam, na kwenye basi hakukubali liwekwe juu na mizigo.

"Hii," alisema, "inanyonya ngama."

Sote tukaliangalia boksi. Akaona hatukuelewa, akafurahi zaidi.

"Ngama ni yale maji yanayokusanyika chini ndani ya boti. Lazima yatolewe. Zamani mtu alikaa anachota kwa kata. Sasa unabonyeza swichi, pampu inanyonya, unakwenda zako."

"Kwa hiyo boti zinavuja?" Fundi Ntandu aliuliza.

"Zote."

"Na watu wanapanda?"

"Wanapanda, Fundi."

Fundi Ntandu aliitazama boti kwa muda, akatikisa kichwa, akanigeukia. "Kazi yako hiyo, Yunisi."

Nilishika ile pampu nikasikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Ilikuwa nyeupe na kichwa cha buluu, inaenea kwenye viganja viwili, mpya kabisa, haijaguswa na mtu. Nilikuwa sijawahi kufunga kitu kipya maishani mwangu. Vitu vyote nilivyowahi kufunga vilikuwa vimeshafia kwenye gari lingine. Ilikuwa na nyaya mbili, mmoja wa kahawia na mmoja mweusi, na ndani ya boksi palikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha ambayo hata mwalimu wa sekondari hakuitambua. Picha ilionekana vizuri lakini. Nyaya zote mbili zilitoka kwenye pampu, zikatembea pamoja kama watu wanaokwenda kanisani, mpaka kwenye betri.

Nikamwonyesha Fundi Ntandu. Akacheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka.

"Hao wana waya wa kuchezea. Yunisi, bodi ni nini?"

"Waya wa bure, Fundi."

"Ehe."

Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Kumbukeni hiyo karatasi.

Niliifanya kazi ile kwa siku tatu ingawa ilikuwa ya nusu siku, maana sikutaka iishe. Pampu niliiweka nyuma, mahali pa chini kabisa. Betri niliitengenezea sanduku la mbao kule mbele, mbali na maji. Waya wa kahawia niliuvuta kutoka kwenye pampu, ukapita kwenye swichi, ukapita kwenye fyuzi, ukafika chanya ya betri, na kila hatua moja nikaubana ubavuni mwa boti kwa kipande cha ngozi ili usichezecheze. Ukabaki mweusi, wa kurudi. Nikatafuta chuma. Chini ya boti palikuwa na bolti nene zilizopenya mbao mpaka upande wa nje, moja karibu na pampu, nyingine karibu na betri. Nikazisugua kwa msasa mpaka ukawa unajiona meno ndani yake. Mweusi wa pampu nikaufunga kwenye bolti ya nyuma. Hasi ya betri nikaifunga kwenye bolti ya mbele. Nikapaka grisi, nikakaza, nikakaza tena.

Fundi Ntandu akapanda lori, akapitisha kidole kwenye kila fundo. "Safi," alisema. Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikiruka madimbwi ambayo hayakuwepo.

Tukaijaribu. Nikamwaga ndoo ya maji ndani ya boti, nikabonyeza swichi. Ikanguruma kidogo, kama paka aliyeshiba, na maji yakaruka kwa mpira juu ya ubavu wa lori, yakawaangukia kuku wa jirani. Watu wakapiga makofi. Bwana Sefu akataka tena. Kila mgeni aliyefika gereji alionyeshwa pampu, na kuku wa jirani wakajifunza kupita njia nyingine. Tuliimaliza betri mara mbili kwa maonyesho, na mara zote mbili niliichaji nikiwa na meno yote nje.

Gia boksi ikafika. Asubuhi ya safari, Bwana Sefu alivaa kanzu nyeupe mpya, akaketi mbele na dereva na Fundi Ntandu. Mimi nilipanda ndani ya boti, juu ya lori, na kisanduku changu mapajani. Jamani, mmewahi kupita Utemini mkiwa ndani ya boti? Nilipunga mkono mpaka bega likauma. Dereva alikuwa na honi moja nzito sana na aliipiga kwa kila mtu, ng'ombe na nguzo.

Tulipofika Misigiri akaipiga mfululizo, watu wakatoka majumbani. Mama yangu alikuwa kando ya barabara na jembe begani. Lori likapunguza mwendo.

"Yunisi, mwanangu, unakwenda wapi na hilo?"

"Ziwani, mama."

Fundi Ntandu akatoa kichwa dirishani. "Mama Yunisi, habari za hapa. Tukirudi tutakupa jibu. Ikishindikana tutakushushia na mtoto wako, ni njiani hapa hapa."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa nusu mdomo. Mama hakucheka. Alilitazama lori mpaka likapotea, jembe likiwa bado begani, na mimi niliona jinsi lilivyokuwa na nafasi kwenye bega langu pia.

Ziwani tulikuta watu wengi wanatusubiri, na mbele yao Kitundu. Kitundu alikuwa mvuvi wa pale, mfupi, kifua kipana, na kwa miaka mingi kazi yake kwenye mitumbwi ya watu ilikuwa kuchota maji. Alijulikana kwa hiyo. Bwana Sefu alikuwa amemwajiri aendeshe boti, lakini habari ya pampu ilikuwa imemfikia na haikumpendeza. Alipanda lori, akainama, akaingiza ukucha kati ya mbao mbili. Ukucha ukapita.

"Imekaa juani muda gani hii?"

"Mwezi," nikasema.

"Imekauka. Mbao zimeachana. Itakunywa maji leo mpaka ishibe." Akanitazama. Ni Mnyiramba mwenzangu, akaongeza kwa lugha yetu maneno ambayo sitayaandika, ila maana yake ilikuwa kwamba pampu yangu ni ndogo mno kwa kazi yake.

"Itanywa, tutainyonya," alisema Bwana Sefu. "Binti, waonyeshe."

Ndoo ya maji ikamwagwa ndani. Nikabonyeza. Pampu ikanguruma, maji yakaruka, watu wa Kitangiri wakashangilia mpaka ndege wakahama. Hata Kitundu alirudi hatua moja nyuma. Fundi Ntandu akaja sikioni kwangu akasema, "Naona alizeti itakukosa." Nilisikia kichwa kimekuwa chepesi, kinataka kupaa.

Lori likarudi kinyumenyume mpaka matairi yakaingia majini. Wanaume ishirini wakaishika boti, magogo yakawekwa, ikateleza, ikaingia ziwani kwa kishindo kizuri. Ikaelea. Tulikuwa watatu ndani yake: Kitundu nyuma kwenye mashine, Bwana Sefu katikati amesimama kama sultani, na mimi na kisanduku changu. Fundi Ntandu alibaki nchi kavu na viatu vyake. Tukasukumwa hatua kama thelathini.

Kisha nikasikia miguu yangu imelowa.

Maji hayakuingia mahali pamoja. Yaliingia kila mahali, kwa utulivu, kama wageni wa arusi. Nilitazama chini nikaona vijito vidogo vinatoka kwenye kila mwanya wa mbao. Bwana Sefu alitabasamu tu.

"Binti, washa."

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikaibonyeza ile swichi kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Maji yakapita kifundo cha mguu.

"Inafikiria?" Kitundu aliuliza.

Nikafungua fyuzi, nzima. Nikatoa mita. Nikaweka ncha moja kwenye waya wa kahawia pale pampuni, nyingine kwenye bolti ya nyuma. Sindano ikapanda mpaka volti kumi na mbili, ikatulia pale bila aibu. Umeme upo. Pampu inasema haupo. Dakika tano zilizopita ilikuwa inafanya kazi mbele ya kijiji kizima, na mimi sijagusa kitu.

Kitundu akaingiza mkono ndani ya koti lake akatoa kata. Alikuwa amekuja nayo, ameificha. Akaanza kuchota, taratibu, kwa madaha, akihesabu kwa sauti ili nisikie.

"Bwana Sefu, kaa chini," alisema katikati ya hesabu, "unaipa uzito."

Mimi kuogelea sijui. Ziwa lile halina kina kirefu pale ufukweni, nililijua hilo, kwa hiyo sikuliogopa ziwa. Niliiona betri mpya, mashine mpya, kanzu mpya, na jembe la mama likinisubiri njiani. Maji yalikuwa katikati ya muundi. Nikapaza sauti kuelekea nchi kavu.

"Fundi, mita inasoma kumi na mbili na pampu haizunguki."

"Haina ethi, umeme haurudi," akajibu Fundi Ntandu papo hapo, mikono kwenye mifuko ya koti. "Kagua bodi."

Kukagua bodi nimefanya mara elfu. Unafuata chuma kutoka kwenye waya mweusi mpaka kwenye betri, unatafuta kutu, unatafuta rangi. Nikashika bolti ya nyuma. Ilikuwa inang'aa. Nikaanza kufuata chuma kuelekea mbele. Kulia mbao. Kushoto mbao. Mbele yangu kanzu ya Bwana Sefu, na nyuma ya kanzu mbao. Nikasimama.

"Fundi," nikasema, "hakuna bodi."

"Imekatika wapi?"

"Haijakatika. Haijawahi kuwepo. Boti ni ya mbao."

Hata kutoka pale nilimwona anavyolitazama lori, na mimi nikalitazama, na nadhani tuliliona kwa wakati mmoja. Lile lori lilikuwa na sakafu ya chuma. Mwezi mzima bolti zangu mbili zilikuwa zimepenya chini ya boti na kulalia chuma cha lori kwa uzito wote ule. Umeme ulitoka kwenye pampu, ukashuka kwa bolti ya nyuma, ukatembea kwenye lori, ukapanda kwa bolti ya mbele, ukarudi kwenye betri. Lori ndilo lilikuwa waya wa kurudi. Tulikuwa tumeishusha boti ziwani tukaacha nusu ya umeme wake nchi kavu. Na mita, ambayo haihitaji umeme mwingi kusoma, ilikuwa inasoma kwa kupitia maji ya ziwa na kunidanganya uso kwa uso. Ndiyo maana nawaambia kila siku, pima kwa balbu. Balbu ingekataa kuwaka, ningejua mapema.

Nikaitoa ile karatasi mfukoni. Imelowa, lakini picha ilikuwa bado inaonekana: nyaya mbili, zinatembea pamoja mpaka kwenye betri. Mambo yote yalikuwa yamechorwa pale. Nikaanza kucheka. Sikukusudia. Kicheko kilinipanda kutoka tumboni, nikashika ubavu wa boti, na Bwana Sefu akamwuliza Kitundu kama huwa nina matatizo.

"Fundi, nataka waya. Hatua nne."

Na waya haukuwepo. Kisanduku kilikuwa na vipande vya shibiri, kwa sababu sisi tulikuwa watu wa kubana. Fundi Ntandu alisimama kidogo tu. Kisha akafungua boneti ya lori, akaingiza mikono yote miwili, na dereva akaanza kupiga kelele.

"Mzee, hiyo ni honi. Honi yangu hiyo, mzee."

Ukatoka waya mrefu mweusi, mnene, mzuri. Na hapo, vijana wangu, nikaona jambo ambalo ningelilipia kiingilio. Fundi Ntandu, mtu aliyekataa hata kukanyaga tope, akaingia ziwani na viatu na koti la suti, waya ameuinua juu ya kichwa. Alitembea ameuma meno, maji yakapanda magotini, mapajani, kiunoni. Akafika ubavuni mwa boti, akanyoosha mkono.

"Fundi," aliniambia, "shika."

Nilidhani anasema na mtu mwingine. Nikageuka nyuma nikamwona Kitundu na kata yake. Nikageuka tena. Fundi Ntandu alikuwa ananitazama mimi.

Nikaushika. Nikafungua mweusi wa pampu kwenye ile bolti, mikono ikiwa chini ya maji, maji magotini, nikausokota na waya wa honi, nikauinua juu ya maji nikaupiga tepu. Nikaenda mbele, Bwana Sefu akainua miguu nipite, nikafunga ncha ya pili kwenye hasi ya betri. Hatua nne za waya, wazi wazi, kama kwenye picha. Nikabonyeza.

Ikanguruma. Mpira, ambao katika mahangaiko ulikuwa umechomoka mahali pake, ukainuka kama nyoka aliyeamshwa na kumwaga ngama yote ya kwanza kifuani kwa Bwana Sefu, kwenye kanzu nyeupe. Kelele iliyotoka nchi kavu ilikuwa kubwa kuliko ya mara ya kwanza. Bwana Sefu alijitazama, akajipangusa uso, akasema, "Wallahi ina nguvu," na akaanza kucheka mpaka boti ikayumba. Nikaugeuza mpira nje. Maji yakaanza kushuka, kidogo kidogo, kutoka magotini.

Kitundu peke yake hakucheka. Alibaki amekaa na kata imejaa mkononi.

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe utabonyeza swichi," nikamwambia.

Akafikiri. Akamwaga ile kata nje, akasogea, akaweka kidole juu ya swichi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa tena tangu siku hiyo. Wiki iliyofuata mbao zikavimba, mianya ikaziba, boti ikaacha kuvuja na pampu ikakosa kazi. Niliambiwa Kitundu alikuwa anachota maji ziwani kwa kata na kuyamwaga ndani ya boti, ili abiria wamwone akibonyeza.

Tulirudi mchana huo huo. Fundi Ntandu alikaa mbele amelowa mpaka kiunoni, na mimi safari hii nilibanwa katikati, kati yake na dereva aliyenuna. Hakuna aliyesema juu ya majaribio yangu. Kazi nilikuwa nimeikosea, halafu nimeiponya, na sikujua hesabu hiyo inasomwaje. Kadiri tulivyokaribia Misigiri nilizidi kuwa mdogo.

Mama alikuwa pale pale kando ya barabara. Dereva akabonyeza honi kwa mazoea, kimya, akasonya.

"Simama hapa," alisema Fundi Ntandu.

Akafungua mlango, akashuka, maji yakichuruzika viatuni, akamwendea mama. Nikachukua kisanduku changu nikashuka nyuma yake, maana sikutaka kungoja kushushwa.

"Mama Yunisi," alisema, "nimekuja na jibu. Leo tumekosea, mimi na yeye. Kosa ni langu, nimelifundisha miaka mingi. Aliyeliona ni yeye." Akanigeukia. "Mbona umeshuka? Panda. Kesho saa moja kuna Land Rover inasubiri, na betri uanze na hasi."

Mama akaliteremsha jembe begani. Nikapanda lori, na kwa kuwa honi haikuwepo, mimi ndiye niliyepiga kelele kwa kila mtu, ng'ombe na nguzo, kuanzia Misigiri mpaka Utemini.

Yaliyofuata mnayajua, mengine mliyaona wenyewe. Ila lile somo la waya wa bure alilifuta kesho yake asubuhi. Badala yake akawa anamwuliza kila anayeanza kazi swali jingine: umeme wako unarudi kwa njia ipi? Nililirithi swali hilo pamoja na gereji, na nimewachosha nalo mpaka siku ya mwisho.

Ndiyo maana mliponiaga, kati ya vitenge na saa ya ukutani, mkanipa lile boksi zito, nikafungua nikakuta rola nzima ya waya mweusi, mpya, haijakatwa hata shibiri. Mliniona nimeinamia boksi mkadhani nimekosa maneno. Nilikuwa nalia, basi, nisiwafiche. Rola ipo sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Fundi Ntandu angekuwa hai angeitazama, angesema huu ni ufujaji mtupu, kisha angeniomba mita mbili.